Jina la Ugonjwa na Njia ya Tiba: Dawa za Mitishamba za Nyumbani kwa Maradhi ya Watoto katika Pwani ya Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua matumizi ya dawa za mitishamba za nyumbani kwa maradhi ya watoto katika pwani ya Tanzania. Maandishi mengi kuhusu tiba asili hujikita katika mmea: jina lake, sehemu inayotumika na kemikali zilizomo. Makala hii inaanzia katika jina la ugonjwa. Hoja kuu ni kwamba jina linalotamkwa juu ya mtoto mgonjwa ndilo linaloamua mti utakaochumwa, mtu atakayeitwa na muda utakaopita kabla ya mtoto kufikishwa kituo cha afya. Majina matano yanachambuliwa: mchango, meno, kikohozi, kubemendwa na degedege. Uchambuzi unabainisha kuwa, mara nyingi, hatari kubwa ya dawa ya nyumbani haimo katika majani yenyewe bali katika saa ambazo jina la ugonjwa huruhusu zipotee. Kwa hiyo, makala inapendekeza elimu ya afya ya mtoto ijengwe juu ya majina hayo badala ya kuyapuuza.

1.0 Utangulizi

Mtoto mchanga anapolia usiku kucha huku akikunja miguu, swali la kwanza katika nyumba nyingi za pwani si dawa gani apewe, bali ana nini. Jibu hutolewa na mtu mwenye mamlaka ya kulitoa: bibi, mama mkwe, shangazi au mkunga wa jadi. Likishatolewa, mengine hufuata kwa mpangilio unaojulikana. Ikisemwa kuwa ni mchango, mama anajua atafute nini na amwulize nani. Ikisemwa kuwa ni degedege, nyumba nzima huamka.

Utaratibu huu una mantiki yake. Kuupa ugonjwa jina ni kuueleza: umetoka wapi, utakwendaje na nani anauweza. Hospitalini kazi hiyo hufanywa kwa uchunguzi na vipimo. Nyumbani hufanywa kwa kusoma dalili, kukumbuka watoto waliotangulia na, wakati mwingine, kupima mwenendo wa wazazi. Mifumo hii miwili huyagawa maradhi kwa mipaka isiyolingana. Ugonjwa mmoja wa hospitali unaweza kuwa na majina mawili au matatu nyumbani, na jina moja la nyumbani linaweza kukusanya magonjwa ambayo daktari huyatenga. Katika kutolingana huko ndimo maisha ya mtoto yanamoweza kuponea au kupotea.

Majina yanayojadiliwa hapa hayatumiki pwani pekee. Mengi yamesambaa bara pamoja na lugha ya Kiswahili. Pwani imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, biashara ya Bahari ya Hindi imeifanya hazina yake ya dawa kuwa pana. Pili, Wilaya ya Bagamoyo ni miongoni mwa mahali ambapo majina ya homa za watoto yalichunguzwa kwa kina katika miaka ya 1990.

2.0 Dawa ya Nyumbani na Asili Zake

Dawa ya nyumbani hutofautiana na dawa ya mganga kwa vigezo vitatu. Kwanza, maarifa yake ni ya ukoo na ujirani. Hayahitaji ramli, kilinge wala malipo. Pili, viungo vyake hupatikana uani, jikoni au sokoni. Tatu, waandaaji wake wakuu ni wanawake walezi. Njia za kuiandaa ni pamoja na kuchemsha, kuloweka, kuponda na kukamua, kusaga, kufukiza, kuogesha, kuchua na kufunga mwilini.

Neno asili katika istilahi tiba asili linahitaji kutumiwa kwa tahadhari. Mwarobaini (Azadirachta indica), ambao jina lake limetokana na imani kuwa hutibu maradhi arobaini, asili yake ni Asia ya Kusini. Mlonge (Moringa oleifera) nao umetoka huko. Mpera (Psidium guajava) ni mti wa Marekani ya kitropiki. Mvuje, utomvu wenye harufu kali unaofungwa katika kitambaa na kuvishwa mtoto mkononi au shingoni, hutokana na mimea ya jamii ya Ferula inayoota Iran na Afghanistan, na ulifika pwani kwa njia ya biashara. Tangawizi ilivuka bahari hiyohiyo. Hivyo basi, uasili wa tiba hii haumo katika chimbuko la mmea. Umo katika namna jamii ilivyoupokea, ikauweka ndani ya mfumo wake wa majina na kuurithisha. Jambo hili lina maana kubwa kwa hoja ya makala hii: mfumo uliopokea miti kutoka mbali unaweza pia kupokea maarifa mapya.

3.0 Majina ya Maradhi na Njia Zake

3.1 Mchango

Mchango wa watoto hutambuliwa kwa kilio kisichotulizika, tumbo kujaa gesi na miguu kukunjwa kuelekea tumboni. Jina hili lina uhusiano na neno chango, linalotaja utumbo na pia minyoo ya tumboni, na humweka mgonjwa moja kwa moja katika himaya ya tiba ya nyumbani. Mtoto hunyweshwa maji ya mizizi au majani yaliyochemshwa, huchuliwa tumbo kwa mafuta ya uvuguvugu au huvishwa mvuje.

Kwa watoto wengi, hali hii hufikia kilele katika umri wa wiki sita hivi na kutoweka yenyewe katika miezi mitatu au minne. Kwa hiyo, karibu kila dawa inayotumiwa kwa subira huonekana kuwa imeponya. Kuchua tumbo kwa mkono mwepisi hakuna madhara, na ukaribu wa mlezi una faida yake. Tatizo hujitokeza pale dawa inapoingia kinywani. Mtoto aliye chini ya miezi sita anapaswa kupata maziwa ya mama pekee; maji ya mizizi yaliyoandaliwa katika chombo kisicho safi yanaweza kuleta kuharisha ambako hakukuwapo. Mvuje unaofungwa kitambaani si sawa na mvuje unaonyweshwa: mwaka 1984, jarida moja la kitabibu la Marekani liliripoti kisa cha mtoto wa wiki chache ambaye damu yake ilipungukiwa uwezo wa kubeba oksijeni baada ya kupewa dawa yenye mvuje.

Aidha, jina mchango linaweza kufunika hali nyingine. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayetapika nyongo ya kijani, aliyevimba tumbo, au ambaye mwili wake una joto kali au baridi isiyo ya kawaida hana mchango, hata kama analia kwa namna ileile.

3.2 Meno

Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili akiharisha, husemwa mara nyingi kuwa anaota meno. Jina hili halitishi. Kuota meno ni hatua ya kukua, na kuharisha kunachukuliwa kuwa sehemu ya hatua hiyo. Ikiwa kunaendelea, majani machanga ya mpera huchemshwa na maji yake kunyweshwa, au maganda makavu ya komamanga husagwa na kukorogwa.

Uteuzi wa mimea hii haukuwa wa kubahatisha. Majani ya mpera na maganda ya komamanga yana tanini nyingi, kemikali zinazokaza utando wa utumbo, na ukakasi wake unatambulika ulimini. Hata hivyo, kinachomuua mtoto anayeharisha kwa kawaida si wingi wa choo bali kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Dawa inayopunguza choo bila kurudisha vilivyopotea hutuliza macho ya mlezi kuliko inavyomsaidia mtoto. Maji ya dafu, yanayosifiwa pwani nzima, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo hayatoshi peke yake.

Kigezo kingine ni utosi. Utosi uliobonyea ni dalili ya wazi ya kupungukiwa maji. Familia inayoutazama kuwa ugonjwa unaojitegemea itapaka dawa kichwani, ilhali mtoto anahitaji kunyweshwa. Tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni myeyusho wa chumvi na sukari wa pakiti, pamoja na madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pasipo pakiti, hutumika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa wa kijiko. Kinywaji hiki huandaliwa palepale jikoni, na mikono ileile inayochemsha majani ya mpera. Si vigumu kukiingiza katika orodha ya dawa za nyumbani, kwa kuwa kimsingi ni mojawapo.

3.3 Kikohozi

Kwa kikohozi na mafua, hazina ya nyumbani ina tangawizi, limau, asali, karafuu, mchaichai na kivumbasi. Hapa tiba ya nyumbani na ushauri wa kitabibu hukaribiana zaidi: kinywaji cha uvuguvugu hulainisha koo, na asali hupunguza kukohoa usiku. Mipaka ni miwili. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha kulegea kwa misuli na kushindwa kupumua. Kufukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka nako kunaweza kumuunguza mtoto.

Jina kikohozi lina upungufu wa namna yake: ni pana mno. Linabeba mafua ya kawaida pamoja na nimonia. Baadhi ya wazungumzaji huitofautisha nimonia kwa kuiita kichomi, lakini kichomi ni maumivu yanayoelezwa kwa maneno, na mtoto wa miezi minne hana maneno. Kipimo kinachoweza kutumiwa na mlezi yeyote ni kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni ishara ya hatari, kama ilivyo kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua anapovuta hewa. Penye ishara hizo, tangawizi haina nafasi tena.

3.4 Kubemendwa

Mtoto anayekonda, kudhoofu na kuchelewa kutembea huweza kusemwa kuwa amebemendwa. Kitenzi hiki ni cha kutendwa, na kila kitenzi cha namna hiyo humwulizia mtenda. Katika imani hii, watenda ni wazazi: wamevunja mwiko wa kujitenga wakati wa kunyonyesha, mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama amepata mimba nyingine mapema. Dawa ni ya mitishamba, aghalabu ya kuogesha na kunywesha, na mara nyingi huhitaji wazazi nao waitumie.

Mwiko huu uliwahi kuwa na kazi yake. Pasipokuwa na njia nyingine za uzazi wa mpango, ulisaidia kuacha nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine, na mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba mpya alikuwa kweli katika hatari ya utapiamlo. Uchunguzi wa wahenga kuhusu matokeo haukuwa na kosa kubwa. Maelezo ya chanzo ndiyo yaliyohamisha jambo kutoka sufuriani hadi chumbani.

Athari yake ni nzito. Majina mengine humtaja mgonjwa. Jina hili humtaja mkosaji. Mama anayekwenda kliniki na mtoto aliyekonda huwa amebeba ushahidi wa aibu yake mbele ya majirani, hata kama hakuvunja mwiko wowote. Ni rahisi zaidi kuogesha mtoto usiku kwa siri kuliko kumpeleka mizani mchana. Wakati huohuo, utapiamlo mkali hupimika kwa utepe: mtoto wa miezi sita hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 anahitaji matibabu ya haraka na chakula maalumu cha tiba. Utepe huo haumwulizi mama swali lolote kuhusu ndoa yake, na huenda hiyo ndiyo faida yake kubwa isiyotajwa.

3.5 Degedege

Degedege ni jina lenye uzito kuliko yote. Kimofolojia, ni uradidi wa dege, umbo la ukubwa la ndege. Wazungumzaji wengi huhusisha kutukutika kwa mikono ya mtoto na kupigapiga kwa mbawa, na imani iliyoenea ni kwamba kiumbe au pepo mwenye sura ya ndege amempitia mtoto. Kutokana na maelezo hayo, tiba hulenga kumfukuza kiumbe huyo: mtoto hufukizwa kwa moshi, ukiwemo wa kinyesi kikavu cha tembo, huogeshwa maji ya majani na kupakwa vitu vya harufu kali. Sambamba na tiba hizo upo mwiko: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, kwani atakufa.

Utafiti wa Winch na wenzake, pamoja na ule wa Makemba na wenzake, yote ikiwa imechapishwa mwaka 1996 kutoka Bagamoyo, ilibainisha kuwa watu walitenga homa ya malaria na degedege. Ya kwanza ilionekana kuwa ya kawaida na ya kupelekwa hospitali. Ya pili haikuchukuliwa kuwa zao la malaria, na wengi walianzia kwenye tiba za jadi. Kwa daktari, mtoto huyo anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au mtukutiko wa kawaida wa homa. Jina moja limebeba hali tatu, na mbili kati yake huua zisipotibiwa mapema.

Nguvu ya imani hii haitokani na ukaidi bali na ushahidi unaoonekana. Mitukutiko mingi ya homa hukoma yenyewe ndani ya dakika chache. Moshi ukifukizwa katika dakika hizo, mtoto hutulia, na moshi hupewa sifa. Kwa upande wa pili, mtoto asiyetulia huchelewa nyumbani, hufikishwa hospitali akiwa mahututi, huchomwa sindano na kufariki. Waliokuwapo wameona sindano, wameona kifo, na wameunganisha. Hivyo, ucheleweshaji unaosababishwa na mwiko ndio unaozalisha vifo vinavyouthibitisha mwiko. Hoja hii haiwezi kuvunjwa kwa kumwambia bibi kwamba ameamini uongo. Inavunjwa kwa watoto wanaofika mapema, wakachomwa sindano na kurudi nyumbani wazima.

4.0 Kipimo na Usalama

Hoja kwamba jina ndilo linaloamua haiondoi swali la mmea wenyewe. Kiasi cha kemikali katika majani hutegemea udongo, msimu na umri wa jani, ilhali vipimo vya nyumbani ni konzi, kipande na funda. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa kuondoa sumu kama za mtu mzima. Mwarobaini unatoa mfano mzuri. Kuogea maji ya majani yake ni jambo la kawaida, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari nchini Malaysia waliripoti watoto waliopata mitukutiko na madhara makubwa ya ini na ubongo, baadhi yao wakafariki, baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mti huohuo. Mti ni mmoja. Sehemu, njia na kipimo ndivyo vilivyotofautiana.

Kwa upande mwingine, mimea imeipa hospitali dawa zake kubwa za malaria. Kwinini ilitengwa kutoka katika gome la mti wa sinkona mwaka 1820. Artemisinini, kiini cha dawa mseto zinazotumika Tanzania, ilitokana na mmea wa tiba ya jadi ya Kichina, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Kilichoongezwa na maabara ni kipimo kinachojulikana na kinachorudiwa bila kubadilika.

Tanzania imeweka misingi ya kazi ya namna hiyo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kuwa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia huduma hizo. Hata hivyo, usimamizi huo unamlenga mtoa huduma na dawa yake. Bibi anayemchemshia mjukuu wake majani ya mpera hasajiliwi wala hakaguliwi. Kinachoweza kumfikia ni elimu, na elimu humfikia kwa maneno anayoyatumia.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kila jina lina mwendo wake. Mchango husema subiri. Meno husema ni kawaida. Kikohozi husema tengeneza kinywaji. Kubemendwa husema ficha. Degedege husema kimbia, lakini huelekeza mbio kwenye moshi. Mimea inayofuata majina hayo haina hadhi moja: mingine husaidia, mingine haidhuru, na mingine ni hatari kwa umri au kipimo fulani.

Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, mafunzo kwa walezi yaambatanishe kila jina la nyumbani na dalili zake za hatari, ili mama ajue ni wakati gani mchango umeacha kuwa mchango. Pili, waganga na wakunga wa jadi wanaoitwa kwa ajili ya degedege washirikishwe kama watoa rufaa, kwani wao huonwa kabla ya daktari. Tatu, watafiti wa Kiswahili wakusanye majina ya maradhi ya watoto kwa kila eneo, wakizingatia chanzo kinachoaminiwa, tiba, miiko na mtu anayelaumiwa. Kamusi inayoishia kusema kuwa degedege ni ugonjwa wa watoto wa kutukutika haijasema uongo, lakini imeacha nje sindano iliyokataliwa na saa zilizopita kabla ya mtoto kubebwa.